Maswali ya Wasomaji: Tuandikeje maisha ya babu?

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Babu yetu amefariki hapa Bombo. Alipigana Burma akiwa askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles), akarudi, akaajiriwa Entebbe kwenye utafiti wa virusi mpaka akastaafu. Ameacha wajane wawili na watoto kumi na mmoja. Siku ya arobaini tunataka kusoma wasifu wake na kugawa kijitabu. Ami zetu wanasema tuandike miaka 105, na kwamba yeye ndiye aliyegundua virusi vya Zika. Nyota zake za vita, yaani medali, hazina jina lake. Tuanzie wapi?
*Mjukuu, Bombo*

JIBU: Waaleikum salaam, mjukuu. Poleni sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Anzeni na umri, maana ukikosewa huo, kila mwaka unaofuata unapinda. Waulizeni ami zako hiyo 105 ilihesabiwa kwa kalenda gani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo miaka 105 ya Hijria ni karibu 102 ya kawaida. Kama wengine wanataja 102, huenda pande zote mbili zina haki. Halafu tafuteni tukio alilolisimulia mwenyewe: Kabaka Mutesa wa Pili alipotawazwa, Novemba 1942, alikuwa bado kijana wa nyumbani au keshavaa sare? Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, Aprili 1954, mtoto wa kwanza alikuwa anatembea? Majibu mawili au matatu ya namna hiyo yana uzito kuliko umri ulioandikwa kwenye karatasi za jeshi, kwani mara nyingi karani aliukadiria kwa kumtazama mtu usoni. Msipopata mwaka kamili, andikeni “karibu na 1923”. Hakuna aibu hapo.

Nyota kutokuwa na jina ni jambo la kawaida. Nyota ambazo Uingereza ilitoa kwa vita vya 1939 hadi 1945 hazikuchongwa majina, basi msidhani ni za kununua. Tazameni utepe. Wa Nyota ya Burma una mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande buluu iliyokoza yenye mstari wa rangi ya chungwa ndani yake. Akiwa na Nyota ya Afrika pia, huenda alipitia Ethiopia au Somalia kabla ya kuvuka bahari. Kwa upande wa Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944, katika matope na malaria, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Kama mzee alitaja Kabaw au Chindwin, mmepata mahali na mwaka. Andikeni alichokuwa anafanya: dereva, mpishi, mtu wa simu, mbeba mzinga. “Alipigana kishujaa” huandikwa kwa kila mtu, na mjukuu atakayezaliwa kesho hatapata kitu hapo.

Sasa Zika, na hapa tunawaomba sana msiandike kwamba aligundua peke yake. Virusi hivyo vilipatikana Aprili 1947 katika damu ya tumbili namba 766, aliyewekwa kwenye kizimba juu ya mti katika msitu wa Zika, njia ya Entebbe. Januari 1948 vikapatikana tena katika mbu aina ya Aedes africanus. Ripoti ya 1952 ina majina matatu: Dick, Kitchen na Haddow. Lakini kazi ile haikufanywa na watu watatu. Kulikuwa na watu waliokaa juu ya majukwaa mitini usiku na mchana kwa zamu, wakisubiri mbu atue juu ya ngozi yao ili wamnase kabla hajaruka. Mbu huyo hushika kasi mara tu jua linapozama, kule juu kwenye vilele vya miti. Baadaye mbu walitenganishwa aina kwa aina, vizimba vikasafishwa, tumbili wakapimwa joto. Bila mikono hiyo, daktari asingekuwa na kitu cha kuandika.

Kwa hiyo ulizeni: mikono ya babu ilishika nini? Alikamata mbu? Alitunza panya wa maabara? Alikaa kwenye darubini akitambua mbu kwa magamba ya miguu? Sentensi kama “alikuwa miongoni mwa waliokamata na kutambua mbu wa msitu wa Zika” ni ya kweli, na ni heshima kubwa. Mtu anayeijua historia akiona “aligundua Zika” ataanza kutilia shaka hata yale mengine yaliyo sahihi.

Kuna makosa mawili tunayoyaona mara kwa mara kuhusu Entebbe. La kwanza ni jina. Taasisi ilianza 1936 ikiwa ya homa ya manjano, ikawa ya virusi ya Afrika Mashariki mwaka 1950, kisha ya Uganda mwaka 1977. Barua za kazi za babu zikiwa na majina hayo matatu, msiandike kwamba alihama kazi mara tatu. La pili ni mnara wa chuma wa futi 120 ulioko msituni. Mwaka 1947 haukuwepo, kwa hiyo msimpandishe juu yake mwaka huo.

Upande wa familia uandikwe kwa kila nyumba, mama kwa mama, watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakiwemo waliotangulia mbele ya haki. Kabla ya kuchapa, kila nyumba isome ukurasa wake na kutia sahihi. Jina lililosahaulika huzua ugomvi palepale uwanjani. Msomaji apewe maneno 600 tu, yatakwisha kwa dakika tano au sita. Mengine yaingie kijitabuni.

SWALI: Picha za marehemu baba zimegandana na kioo cha fremu, na cheti chake cha kazi kimechanika. Fundi anataka kukilamineti.
*Binti, Jinja*

JIBU: Pole, binti yetu. Usikubali. Lamineti huyeyusha plastiki ndani ya karatasi kwa joto, na hakuna atakayeweza kuitoa tena. Seloutepu nayo hugeuka njano na kuacha gundi inayokula maandishi. Weka vipande vya cheti ndani ya karatasi nyeupe safi, vilale bapa.

Picha iliyoganda usiibandue, rangi itabaki kwenye kioo. Ipige picha kupitia kioo hichohicho: iegemeze kando ya dirisha kivulini, bila mwanga wa simu, na utandaze kitambaa cheusi nyuma yako ili usijione kwenye kioo. Zilizo huru zipitishwe kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, pembeni, kwani kalamu ya wino hupenya mpaka usoni mwa mtu.

SWALI: Medali za babu zimekuwa nyeusi. Nizisugue kwa Brasso?
*N., Arua*

JIBU: Hapana. Dawa hiyo hukwangua maandishi kidogo kidogo na mabaki yake huchafua utepe. Futa kwa kitambaa kikavu cha pamba. Utepe usioshwe, rangi huchuja. Zifunge kwa pamba, kila moja peke yake, pamoja na kile kifuko cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Usitumie gazeti.