Kibarazani kwa Bi Hakimu: Nikitega saa, akili inahama

SWALI

Shikamoo Bi Hakimu. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Newala, ila kwa sasa nakaa Mtwara mjini, Chikongola, kwa mama mdogo. Nina shahada ya kwanza na nimeomba kwenda kusoma sheria Marekani. Wiki tatu zijazo nafanya mtihani wao wa kuingilia, LSAT. Nikifanya maswali ya mazoezi bila saa, napata vizuri tu. Nikitega simu dakika 35, mikono inatoka jasho, nasoma sentensi moja mara nne na haiingii. Ada ya mtihani baba aliitoa kwenye korosho za msimu uliopita, na kijijini wameshaanza kuniita Wakili. Nifanyeje nitulie?
Wakili Mtarajiwa, Mtwara

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mtihani huo mimi sijaufanya. Hapa kwetu mtu huingia shahada ya sheria kwa matokeo yake ya kidato cha sita au stashahada. Lakini mpwa wangu aliufanya, na kwa miezi mitatu alikaa barazani kwangu hapa Mikindani na makaratasi yake, mimi nikimshikia saa. Kwa hiyo ninakijua unachokisema.

Na woga naujua zaidi. Zamani niliitwa kwenye usaili wa maandishi, jirani yangu akawa anaandika kama anayefukuzwa. Mimi niko swali la kwanza, nasikiliza kalamu yake. Kengele ilipolia ndipo nikageuza karatasi nikakuta nyuma kuna maswali manne. Manne! Nilirudi mwaka uliofuata, na safari hiyo kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza karatasi.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nasoma hati za madai: natafuta mgogoro wenyewe uko wapi. Kwenye maswali hauko, maana unasema mwenyewe unayapata. Uko kwa baba, kwenye korosho na kwenye hilo jina la Wakili. Simu ikianza kuhesabu, wote hao wanaingia chumbani na kukukalia begani. Sasa tuwatoe mmoja mmoja.

Baba kwanza. Je, anajua kwamba mtihani huu unarudiwa? Taratibu zao zinaruhusu mtu kuufanya hadi mara tano katika kipindi cha miaka mitano hivi, na mara saba kwa maisha yote. Ada ya pili inauma, sikatai. Lakini mzee anayedhani korosho zake zote zimewekwa kwenye asubuhi moja anakuombea kwa hofu, na hofu yake unaisikia hata kwenye simu.

La pili, uujue mtihani wenyewe ulivyo. Una sehemu nne za dakika 35, na kuna mapumziko ya dakika 10 baada ya ya pili. Mbili ni za hoja, moja ni ya kusoma na kuelewa, na moja ni ya majaribio yao tu, haihesabiwi. Ipi? Hutaambiwa. Mpwa wangu hiyo ndiyo iliyompa usingizi: sehemu ikimwendea vibaya, anajiambia huenda ndiyo ile ya bure, anasonga mbele. Na jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali wazi hata kama umebakiwa na sekunde tatu.

Sasa saa. Sehemu ya hoja ina maswali 25 hivi, yaani kama sekunde 84 kwa swali moja. Ukiitazama 35 nzima utaona mlima. Itazame hivi: maswali matano, dakika saba. Shangazi yangu alikuwa anabangua korosho kwa kijiti juu ya jiwe, amejipaka majivu mikononi kwa sababu ya yale mafuta ya ganda yanayounguza. Hakuwa na haraka wala hakuchelewa. Anaigeuza korosho mpaka aone ule mshono, pigo moja, anaweka. Waliokimbizana naye walimaliza na rundo la vipande, na kipande hakina bei ya korosho nzima. Basi wiki hii fanya mafungu ya matano kwa dakika saba, hapo hapo mezani kwa mama mdogo. Ukizoea, unganisha mawili, kisha matatu. Wiki ya mwisho ndiyo ufanye sehemu zote nne, saa ile ile ya mtihani, na watoto wapige kelele zao nje kama kawaida.

Kuutafuta mshono nakupa mfano. Kila anayeuza korosho kwenye mnada ni mwanachama wa chama cha msingi. Bakari ni mwanachama. Kwa hiyo Bakari anauza mnadani. Umeona palipopasuka? Bakari huyo anaweza kuwa hajauza hata kilo moja mwaka huu. Nimesikiliza mashauri mengi yenye kosa hilo hilo, na wengine wameapa kabisa.

Siku ya siku, kabla hujaingia, chukua karatasi uandike dakika kumi kila kinachokutisha: baba, ada, kijiji, mimi pia kama nakutisha. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago waliripoti katika jarida la Science kwamba wanafunzi wenye woga walioandika hivyo kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Ichane ukimaliza. Jasho likianza, vuta pumzi, kisha itoe polepole kuliko ulivyoivuta, mara tano. Mapigo ya moyo yanashuka yenyewe.

Unasema uko Mtwara. Kama kituo chako kiko mbali, usiondoke siku moja kabla. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar kule Somanga, nilikuwa na mfuko wa nguo mkononi na pa kupita hakuna. Ondoka mapema, ulale, ukakione kituo siku moja kabla hata kwa nje.

Kuhusu hilo jina la Wakili, wakikuita itika tu. Mimi walianza kuniita Hakimu nikiwa bado karani, na kuna mwaka mzima jina hilo lilinikera kuliko mbu.

Mpigie baba leo jioni akishatoka shambani, mweleze habari ya kurudia. Na ukipita Mikindani niletee korosho za kuchoma. Vipande vinanitosha.