Maswali na Majibu: Gemu ya Mpira, Raha Yake na Kero Zake

Je, kijana anayecheza sana gemu ya mpira hujifunza mpira wenyewe, au anapoteza muda tu? (Kocha wa timu ya mtaa, Morogoro)

Ndugu kocha, anajifunza sehemu moja ya mpira, nayo si ndogo: anajifunza kuuona uwanja wote. Mchezaji aliye uwanjani huona miguu na migongo ya watu, ilhali aliyeshika pedi, yaani kidude chenye vitufe cha kuchezea gemu, hutazama kutoka juu, na kila anapofungwa anaonyeshwa papo hapo nafasi aliyoiacha wazi. Chukua suala la ulinzi. Anayeanza hushikilia kitufe cha kukimbia bila kukiachia, humtoa beki wa kati kwenye eneo lake ili aufuate mpira, na pasi moja ya kupenyeza humwacha kipa ana kwa ana na mshambuliaji. Akishafungwa hivyo mara nyingi, huanza kumtuliza beki, humleta kiungo mkabaji kuziba njia ya pasi, kisha husubiri mpinzani akosee. Makocha wengi hulirudia somo hilo kwa sauti kubwa pembeni mwa uwanja bila kueleweka. Hata mifumo huacha kuwa namba za kukariri, kwa sababu ukicheza 4-3-3 na mabeki wa pembeni wanapanda wote, utaona mwenyewe kiungo yupi alipaswa kubaki.

Hata hivyo, mechi nyingi za gemu huchezwa kwa dakika 10 au 12 badala ya 90, ingawa saa ya kwenye skrini hukimbizwa hadi 90, na ufupisho huo una gharama. Kupooza mpira na kumchosha mpinzani hakupati nafasi, mashambulizi ya kushtukiza hupewa thamani kupita kiasi, na mchezaji mwenye mbio huonekana bora kuliko mwenye akili. Wala pedi haimfundishi mtu kutuliza mpira unaodunda ovyo kwenye uwanja wa vumbi. Waache vijana wako wacheze wawili wawili, wakiwa wamekaa pamoja, kisha uwaulize kila bao lilianzia wapi. Mazungumzo hayo yatakufaa zaidi mazoezini kuliko mechi zenyewe.

Nikiongoza 2-1, karibu kila mara nasawazishiwa dakika ya 88. Wenzangu wanasema gemu imepangwa. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

Shutuma hiyo iliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2020, huko California nchini Marekani, wachezaji waliishtaki Electronic Arts, kampuni inayotengeneza mfululizo uliokuwa ukiitwa FIFA na ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, wakidai kwamba hubadilisha ugumu wa mchezo kwa siri. Kampuni hiyo ina hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya teknolojia ya namna hiyo, lakini ilikana kuitumia katika gemu zake za mpira. Mwaka uliofuata walalamikaji waliiondoa kesi, baada ya kampuni, kwa maelezo yake yenyewe, kuwapa taarifa za kiufundi na nafasi ya kuzungumza na wahandisi. Madai hayo basi hayajathibitishwa, nami sitayajengea hoja.

Sababu zinazoonekana wazi ni nyingine. Kufikia dakika ya 88 wachezaji wako wamechoka, pasi zao zinapungua usahihi na mbio zao zinashuka. Mpinzani ameshaelekeza timu nzima mbele, nawe umejirundika nyuma na kubutua. Fanya mabadiliko dakika ya 60, hasa ya mabeki wa pembeni, na uendelee kupiga pasi fupi. Tena tukumbuke kwamba ushindi wa 2-1 uliomalizika salama hakuna anayeusimulia, ila bao la dakika ya 88 husimuliwa wiki nzima.

Hasira yako, lakini, nayo ina haki yake. Kati ya wachezaji 11 unamwongoza mmoja tu kwa wakati, na kumi waliobaki wanaongozwa na kompyuta. Beki ambaye hukumgusa akisimama kama mti, au mpira ukimgonga na kumrudia mshambuliaji, umeadhibiwa kwa uamuzi usio wako. Naiona hiyo kuwa dosari kubwa kuliko zote katika gemu hizi, na miaka yote tangu FIFA ya kwanza ya 1993 haijatosha kuiondoa.

Nyumbani nacheza vizuri, lakini mtandaoni pedi inachelewa. Nibadilishe pedi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hapana, mdogo wangu, pedi haina kosa. Ukicheza mtandaoni, kila unachobonyeza husafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mechi, au kwa mpinzani wako na kurudi. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kwenda Ulaya na kurudi, zaidi ya kilomita 14,000, hula milisekunde zisizopungua 70 hata pasipo msongamano wowote. Gemu inayoonyesha picha 60 kwa sekunde huwa imeshakupita kwa picha nne, na mtandao wa simu huongeza ucheleweshaji wake. Tumia waya kutoka kwenye ruta ikiwezekana, washa hali ya gemu (game mode) kwenye mipangilio ya televisheni, na utafute wapinzani walio karibu nawe. Umbali wenyewe hauna dawa.

Mwanangu ametumia fedha za simu yangu kununua pakiti za wachezaji. Je, hii si kamari? (Mzazi, Mombasa)

Mzazi mwenzangu, Ubelgiji ilijibu swali lako mwaka 2018: tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba visanduku vya bahati vinavyonunuliwa kwa fedha, yaani vitu kama hizo pakiti ambavyo mnunuzi hajui ndani mna nini, vinakiuka sheria ya kamari, na mwanzoni mwa 2019 Electronic Arts ikasimamisha huko uuzaji wa pointi zake za FIFA, ambazo hununuliwa pakiti. Uholanzi nako kampuni hiyo ilitozwa faini, lakini mahakama ikaifuta mwaka 2022. Sheria, kama unavyoona, hazijakubaliana. Mimi naona kwamba mtoto anayelipa bila kujua atapata nini amewekwa mbele ya bahati nasibu, iitwe jina lolote. Zaidi ya hayo, toleo jipya likitoka, mara nyingi kikosi alichokijenga hakihamii humo. Weka nywila kwenye ununuzi wa simu, kisha mwonyeshe mtoto asilimia ya kupata kadi kubwa, ambayo kampuni nyingi sasa huichapisha. Usimpige marufuku gemu yenyewe.

Mbona Simba na Yanga hatuzioni kwenye gemu kubwa? (Msomaji, Temeke)

Kila jina, nembo na jezi huhitaji leseni, na leseni hununuliwa pale kampuni inapoona soko. Hata Juventus iliitwa Piemonte Calcio katika FIFA 20, kwa sababu Konami, kampuni pinzani ya Japani inayotengeneza gemu ya PES, ilikuwa na haki za pekee za klabu hiyo. Vijana wetu wamejitatulia: katika Dream League Soccer, gemu ya mpira ya kwenye simu, hupakia jezi za Simba na Yanga walizozichora wenyewe, na kazi yao ni nzuri kiasi kwamba klabu zetu zingefaa kuwatafuta.

Banda langu la gemu lina PES 2013, na wateja wanataka gemu mpya. Ninunue ipi? (Mwenye banda, Tabora)

eFootball, iliyochukua nafasi ya PES, ni ya bure, lakini ilitoka Septemba 2021 ikiwa na klabu tisa tu na kasoro nyingi hadi Konami ikaomba radhi. Imeboreshwa tangu hapo, ila imejengwa kwa ajili ya mtandao, na bando litakula faida yako. Kwa banda ambalo watu hulipia mechi na anayefungwa humwachia mwenzake pedi, EA Sports FC inafaa zaidi, kwa kuwa wawili hucheza bila intaneti. Nunua toleo la mwaka uliopita, ambalo bei yake hushuka sana, na mashine ya PES 2013 usiiuze, kwa maana wapo wakubwa ambao hawatakuja kucheza kingine.