Siku 90 za Rubani: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi mwezi huu zinauliza jambo moja: rubani ahesabu vipi uzoefu wake wa karibuni, ule unaompa ruhusa ya kubeba abiria leo hii. Wengi mna leseni mbili mfukoni, moja ya nyumbani na nyingine ya Marekani, Ulaya au Kanada mlikosomea. Leseni yenyewe inaweza kuwa hai kabisa huku ruhusa ya kubeba mtu imeshakufa bila mwenyewe kujua. Nimechagua yale ambayo makosa yake yananikosesha usingizi.

Shikamoo kapteni. Nina leseni ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani. Nilitua mara moja tarehe 3 Aprili, mara moja 28 Aprili, na mara moja 15 Mei. Programu ya kwenye simu inasema niko sawa hadi 13 Agosti. Ni kweli? (Arusha)

Marahaba. Si kweli. Programu yako imehesabu siku 90 kuanzia safari ya mwisho. Kanuni ya Marekani, 61.57, inataka kupaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizotangulia. Kwa hiyo chukua logibuku, kile kitabu unachoandikia safari zako, anza na kutua kwa karibuni zaidi, rudi nyuma hadi ufike kwa tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoshika ufunguo. Yako ni ya 3 Aprili, na siku 90 kutoka hapo zinakufikisha 2 Julai. Ukibeba abiria 3 Julai umevunja sheria, na simu yako bado inaonyesha kijani.

Sasa tuseme umeruka tena 20 Juni ukatua mara moja. Ile ya 3 Aprili inatoka, ya 28 Aprili inakuwa ya tatu kutoka nyuma, na mwisho wako unasogea hadi 27 Julai. Safari moja imekuongezea siku 25 tu, wala si 90. Andika tarehe ya mwisho kwa kalamu pembeni ya ukurasa kila unapotoka kwenye ndege. Inachukua nusu dakika.

Siku 90 si ndiyo miezi mitatu? (wasomaji wengi mno)

Hapana. Ukitua 1 Machi, siku 90 zinaisha 30 Mei. Nimelijibu hili mara nyingi, na bado kila mwezi linarudi. Kalenda ipo kwenye kila simu, hesabuni siku.

Nimeruka Cessna 172, ile ndege ndogo ya mafunzo, mwezi mzima. Je, nimetimiza masharti ya kubeba watalii kwenye Cessna Caravan, ambayo ni kubwa zaidi? (Nairobi)

Unaulizia leseni ipi? Hapa ndipo watu wenye leseni mbili wanapoanguka.

Kwa Marekani, kutua kunahesabika kwa ndege za kundi na daraja moja. Aina yenyewe inaangaliwa pale tu inapodai idhini yake maalumu. 172 na Caravan zote ni ndege za nchi kavu zenye injini moja, na Caravan haidai idhini ya aina. Kwa karatasi, kutua kwako kwenye 172 kunatosha.

Kwa Ulaya, kanuni ya FCL.060 nayo inataka kupaa, kushuka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, ila ndege iwe ya aina au daraja lile lile, au simuleta kamili, yaani mashine ya mafunzo inayoiga aina hiyo. Na huko 172 iko kwenye daraja la injini moja ya pistoni, Caravan iko kwenye daraja la tabo za Cessna, yaani zenye injini ya tabini inayozungusha propela. Haziingiliani. Mwezi wako mzima kwenye 172 ni sifuri kwa Caravan.

Na kwa kampuni ya biashara hapa kwetu, usitazame leseni ya ughaibuni hata kidogo. Kiambatisho cha 6 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinaikataza kampuni kumpangia rubani kupaa na kutua kama hajafanya hivyo mara tatu ndani ya siku 90 kwenye aina hiyo hiyo ya ndege au simuleta iliyoidhinishwa. Kisha soma kitabu cha kampuni yako, maana kinaruhusiwa kudai zaidi. Ukiniuliza mimi, hata pale Marekani inaposema ndiyo, mtu aliyetoka kwenye 172 asiweke watalii nyuma ya Caravan kabla hajazunguka nayo uwanja ikiwa tupu. Uzito wake ni mwingine, na injini ya tabo haijibu mkono kama ya pistoni.

Kutua kwenye ndege iliyosajiliwa Kenya (5Y) au Tanzania (5H) kunahesabika kwa leseni yangu ya Marekani?

Kunahesabika. Kanuni inauliza kundi, daraja na aina, haisemi lazima ndege iwe na herufi N ya usajili wa Marekani mkiani.

Niko Florida nasomea urubani. Nilitua mara tatu usiku, lakini mwalimu anasema hazinipi ruhusa ya kubeba abiria usiku. Kwa nini?

Mwalimu wako huenda yuko sahihi, ila hukunieleza saa ulizotua, jambo ambalo ndilo swali lenyewe. Marekani wana usiku zaidi ya mmoja. Usiku wa kuandika kwenye logibuku unaanza mwanga wa machweo unapokwisha. Usiku wa kubeba abiria unaanza ikishapita saa moja nzima tangu jua kuzama, na unaisha saa moja kabla halijachomoza. Jua likizama saa 12:30 jioni, ukatua saa 1:10, saa hizo utaziandika za usiku, lakini kutua huko hakukupi abiria. Subiri hadi 1:30.

Jambo la pili: kwa usiku, Marekani wanataka ndege isimame kabisa kila unapotua. Kugusa na kupaa tena hakuhesabiki. Ulaya wao wanamdai rubani mkuu kupaa, kushuka na kutua mara moja tu usiku ndani ya siku 90, au awe na idhini ya vyombo, yaani ya kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje. Mara moja! Mimi naona ni kidogo mno kwa mtu anayekwenda kutua kwenye uwanja usio na mji jirani, ambako hakuna taa yoyote isipokuwa zile za njia ya kurukia.

Mimi ni mkufunzi. Wanafunzi wangu wanatua mara ishirini kwa siku. Si zinanihusu pia?

Hapana. Anayehesabiwa ni aliyeshika usukani.

Hili liliwahi kunipata. Ofisi ya ratiba ya kampuni niliyokuwa nayo ilinipanga safari ya alfajiri. Kwenye ubao wao nilikuwa na kutua mara saba. Usiku ule nilifungua logibuku juu ya meza ya jikoni, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. Safari saba, ndiyo, lakini tano alikuwa ameshika mwenzangu, kijana aliyekuwa akijengewa uzoefu. Mkono wangu ulikuwa umetua mara mbili tu. Ofisi ilihesabu safari, haikuhesabu mikono. Nilipiga simu saa tisa usiku, nikatukanwa, abiria wanane wakasubiri hadi saa nne asubuhi apatikane rubani mwingine. Wakaguzi wangeniuliza mimi wala si karani, kwa sababu sahihi ni yangu. Tangu siku hiyo kila mstari wangu una alama ndogo inayosema nani alitua. Wekeni nanyi.

Nina idhini ya vyombo ya Ulaya na ya Marekani. Lazima nishuke kwa vyombo zile mara sita? (Dubai)

Kwa Marekani, ndiyo: kushuka kwa vyombo mara sita, kuzunguka kwa kusubiri, na kunasa na kufuata mikondo ya redio, yote ndani ya miezi 6 ya kalenda kabla ya mwezi unaoruka. Angalia neno kalenda. Ulizozifanya 10 Januari zinakubeba hadi 31 Julai. Ukipitisha hapo una miezi sita mingine ya kujirudisha mwenyewe ukiwa na rubani mwangalizi pembeni. Ukipitisha na hiyo, ni mtihani wa umahiri mbele ya mkufunzi au mtahini.

Ulaya hawahesabu mara ulizoshuka. Idhini ni ya mwaka mmoja, na unaihuisha kwa mtihani wa umahiri ndani ya miezi 3 kabla haijaisha. Kufaulu mtihani wa Ulaya hakukupi zile mara sita za Marekani kwa miujiza. Hesabu zile ulizozifanya kweli.

Nina saa 40 za ndege ndogo Ulaya, zote za mwaka wa kwanza wa idhini yangu ya daraja la injini moja ya pistoni, ile ya miaka miwili. Zinatosha kuihuisha?

Hapana. Saa 12, zikiwemo 6 ukiwa rubani mkuu, kupaa na kutua mara 12, na saa moja na mkufunzi: vyote viwe ndani ya miezi 12 ya mwisho kabla idhini haijaisha. Vinginevyo, fanya mtihani.

Kanada je?

Kupaa na kutua mara 5 ndani ya miezi 6 ili kubeba abiria. Kwa safari ya usiku ziwe 5 za usiku. Usichanganye na tatu za jirani yao.

Siku zangu zimekwisha. Nifanyeje, na ndege ninayo lakini mkufunzi hayupo? (Mwanza)

Kanuni za Marekani na za Ulaya nilizozitaja zinakuzuia kubeba abiria, hazikuzuii kuruka peke yako mchana. Toa mizigo, mwache rafiki yako chini hata akinung'unika, zunguka uwanja mara tatu. Kama una upepo wa ubavuni siku hiyo, mngoje mkufunzi. Nilipokaa wiki sita bila kuruka, hesabu ikiwa bado sawa kabisa, nilikuwa nafanya hivyo hivyo. Mara ya kwanza karibu kila safari nilitua mbele mno ya pale nilipokusudia.