Maswali ya Wasomaji: Nchi ya dhuluma katika riwaya huanza na amri moja

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba, na ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Hadithi inatokea zaidi ya miaka mia moja ijayo, katika kisiwa ambacho kila mtoto anapozaliwa hutiwa kifaa nyuma ya sikio, na serikali husikia kila anachosema mpaka siku ya kufa kwake. Nimejaza madaftari kwa kueleza mitambo, vyombo vya angani na majumba yaliyojengwa chini ya bahari. Hata hivyo wenzangu wa barzani ninaowasomea wananiambia mambo mawili: kwamba hayo ni ya Wazungu na hayana asili katika fasihi yetu, na kwamba nchi yangu hiyo haiwatishi hata kidogo. Naomba unisaidie kwa yote mawili.

JIBU: Wa alaykumu ssalam, mwanangu. La kwanza lina jibu fupi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa mwaka 1951, na nchi inayosimuliwa humo iko angani. Karama anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, naye anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo yenye manufaa kwa nchi yao, wakarudi nayo, wakatiwa gerezani. Nchi ya kubuni yenye dhuluma, basi, ilikwisha kuandikwa kwa Kiswahili fasaha kabla wengi wa wanaobisha barzani kwenu hawajazaliwa. Na huko huko Pemba ametoka Said Ahmed Mohamed, ambaye katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001 anamrudisha duniani babu aliyekwisha kufa ili amtembeze mjukuu wake mwenye cheo, amwoneshe hali za watu ambazo cheo kilimzuia asizione. Hakuna chombo cha angani humo, lakini kazi inayofanywa na ubunifu ni ile ile unayoitaka wewe.

La pili ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu, kwa sababu wenzako wameona jambo la kweli. Mitambo haitishi. Msomaji akiambiwa kwamba kuna kifaa kinachosikia kila neno, atakubali, atafungua ukurasa unaofuata, na moyo wake utabaki pale pale. Kinachomshika ni kile ambacho watu wanatendeana kwa sababu ya kifaa hicho.

Mtazame Mrusi Yevgeny Zamyatin, ambaye riwaya yake ya dola ya baadaye aliimaliza mwaka 1921. Watu wake hawana majina, wana namba. Nyumba zao ni za vioo, na mapazia hushushwa kwa saa maalumu tu na kwa kibali. Hayo yote ni makubwa, lakini mimi lililonikaa ni dogo zaidi: sheria inaamuru kila tonge litafunwe mara 50, na anayetusimulia, mhandisi anayejenga chombo cha kwenda angani, haoni vibaya. Anaisifu. Anaona fahari kutafuna pamoja na umma wote kwa mpigo mmoja. Zamyatin hakumchagua mwasi awe msimulizi wake, alimchagua raia aliyeridhika, na hapo ndipo msomaji anapoanza kuogopa, kwa kuwa anaisikia dhuluma ikielezwa kwa sauti ya mtu mwema. Kitabu hicho kilichapishwa New York mwaka 1924, na nchini mwake hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1988, mwandishi akiwa ameshafariki tangu mwaka 1937.

Ama George Orwell, katika riwaya yake ya mwaka 1949, amejaza nyumba za watu skrini zinazoona na kusikia, karibu sana na kifaa chako. Lakini soma yanayompata jirani anayeitwa Parsons. Ni mtu mtiifu, mchapa kazi wa chama, asiye na fikra yoyote ya uasi. Usiku mmoja anaropoka usingizini maneno ya kumlaani mtawala. Binti yake mwenye umri wa miaka saba anasikiliza tunduni mwa ufunguo, na kesho yake anakwenda kumshitaki. Baba huyo, akiwa tayari mahabusi, anasema kwamba anajivunia mtoto wake, maana ni dalili kuwa amemlea vizuri. Skrini zote za kitabu kile hazifikii uzito wa sentensi hiyo.

Sasa turudi kisiwani kwako. Ningekushauri uyaweke kando majumba ya chini ya bahari na ujiulize kwanza kwa nini watu walikikubali kifaa. Serikali haikuanza kwa ukatili, au isianze hivyo katika hadithi yako, kwani msomaji hujitenga upesi na ukatili wa wazi na kusema kwamba yeye asingeukubali. Ipe amri ya kwanza sababu ambayo mzazi mwenye huruma angeitikia. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuitafuta mbali: meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wako waliokosa hata maiti ya kuzika. Kifaa kinachomwonesha kila mtu alipo baharini, nani angekikataa? Kingetiwa na mkunga, watu wakisoma dua. Miaka ikapita, kikafundishwa kusikia, ili aliyezama aweze kuita. Kisha kikasikia na wasiozama.

Halafu zifuate athari zake mpaka ndani ya nyumba. Wanawake wanakaa jamvini kuchambua karafuu, wanazitenga na makonyo, na kazi hiyo haijapata kufanywa kimya. Watazungumza nini? Watazungumza kwa mafumbo, kama walivyozoea kufanya hata leo pale mkwe anapopita. Kanga nazo zitaandikwa nini, na nani atatoa kibali cha maandishi yake? Mtambo utasikia kila neno na hautaelewa neno, kwa kuwa hauwajui watu wenyewe, haujui nani alimwacha nani wala shamba la nani liligombaniwa. Serikali itahitaji mtu wa kuyafumbua mafumbo hayo, naye hawezi kutoka mbali. Lazima awe amezaliwa shehia ile ile, amekula katika nyumba zile zile, na ikiwezekana awe mama mtu mzima anayeheshimiwa, ambaye kila harusi huitwa yeye. Analipwa. Mjukuu wake anasomeshwa kwa fedha hizo. Na siku moja analetewa fumbo lililosemwa na dada yake.

Mimi riwaya hiyo ningeisoma usiku mmoja. Mwandike mama huyo kwa mapenzi; ukimwandika kama shetani utakuwa umeirudisha hadithi kwenye mitambo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Mjini Unguja. Je, hadithi kama hizo haziwavunji moyo wanafunzi wa kidato cha tatu? Na zipo zinazoonesha jamii njema, au zote ni za giza?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, wape. Orwell ningemwacha mpaka wakue kidogo, kwani sura za mateso ni nzito, lakini Kusadikika haina la kuwadhuru: utetezi wa Karama unasikilizwa, na wale wajumbe wanatoka gerezani. Kwa jamii njema, watafutie Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Mwandishi huyo wa Kenya, mwanasosholojia, aliwahi kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, na shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Hafi. Anafika Walenisi, nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na inambidi ajifunze upya mambo ya kila siku aliyoyadhani kuwa hayawezi kuwa vingine. Vijana wengi huona sehemu hii ni ngumu kuliko ile ya hukumu, kwa sababu kuieleza dhuluma ni rahisi kwa aliyewahi kuiona, ilhali haki lazima ijengwe jambo kwa jambo: nani anafagia, nani anaamua ugomvi, chakula kinagawiwaje. Wasomeshe vitabu hivyo viwili kwa kufuatana, Kusadikika kwanza, kisha mwambie kila mwanafunzi aandike amri moja tu ya nchi anayoibuni na aeleze siku nzima ya mtu mmoja anayeishi chini yake, tangu alfajiri mpaka anapolala.