Kuzamia Mafia mwezi wa nne, niende au nisubiri?

SWALI: Dada habari za kazi, mi na mume wangu tumepata likizo mwezi wa nne tukasema twende Mafia tukazamie na mitungi ya hewa, sasa kila mtu anatuambia masika hayo mtapoteza hela. Kweli? Mama Junia, Dodoma

JIBU: Nzuri mama Junia. Ukweli ni kwamba mvua yenyewe haimsumbui aliyeko chini, ukishashuka mita kumi hata hujui kama juu kunanyesha. Shida ni maji kuchafuka, na Mafia imekaa mkabala na delta ya Rufiji, mto ukijaa tope linashuka baharini, unanyoosha mkono mbele vidole unaviona kama kwenye chai ya maziwa. Halafu hoteli nyingi kule zinafunga Aprili na Mei, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujalipa chochote jamani. Na kama mnataka kuona papa potwe, wale papa wakubwa kabisa wasiodhuru watu, hao ni wa Oktoba mpaka Februari hivi.

Mngekuwa ndugu zangu ningewaambia subirini Oktoba. Likizo ikigoma kusogea, jaribuni Unguja upande wa kisiwa kidogo cha Mnemba, ila acheni siku mbili za akiba maana bahari ikichafuka boti haitoki, na nahodha akisema leo hapana msimbembeleze.

Na tafadhali, mkishazamia msipande ndege siku hiyohiyo, pumzikeni angalau masaa 18, hapo sitanii kabisa.