Empanada za jibini zisizopasuka kwenye mafuta

Empanada ni kitafunwa cha unga uliokunjwa na kujazwa ndani, kama sambusa. Ile ya jibini ya Chile, ya kukaangwa na kuliwa ingali moto, ni unga na jibini basi. Ikipasuka, jibini humwagika, mafuta huruka, unabaki na ganda tupu. Wengi hulaumu moto, kumbe kosa lilishafanyika mezani.

Tuanze na jibini. Wachile hupenda mantecoso au chanco, jibini laini za maziwa ya ng'ombe zinazoyeyuka bila kuachia maji mengi. Gouda changa inashika nafasi yake vizuri. Mozzarella ngumu ya kukata inavutika, ila ladha yake ni hafifu, kwa hiyo ichanganye nusu kwa nusu na Gouda. Ile mozzarella mbichi inayouzwa ndani ya maji usiitumie kabisa: maji yake hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua unga.

Kwa empanada 18, chukua gramu 500 za unga wa ngano wa kawaida, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, gramu 80 za siagi iliyoyeyushwa na mililita 200 za maziwa ya uvuguvugu. Maziwa yatie kidogo kidogo, maana unga haunywi sawa. Kanda dakika 8 hadi 10. Donge liwe gumu kidogo kuliko la chapati. Lifunike, lipumzike nusu saa. Lisipopumzika hurudi nyuma kila ukisukuma, nawe utalikandamiza mpaka katikati pawe pembamba, na hapo ndipo patakapotoboka.

Ligawe donge matonge 18, usukume kila tonge liwe duara la sentimita 14, unene wa milimita 2. Gramu 600 za jibini zitatosha matonge yote. Iweke upande mmoja, ukiacha ukingo wa sentimita 2 usioguswa hata na chembe ya jibini, kwa sababu mafuta yake huzuia unga kushikana. Lowesha nusu ya ukingo kwa kidole chenye maji. Sambusa tunazifunga kwa uji mzito wa unga kwa kuwa manda zimeshapitishwa motoni; huu ni unga mbichi, maji yanatosha, na yakizidi unateleza. Kunja, kisha sukuma hewa itoke kuanzia kwenye jibini kuelekea nje, ndipo ubane. Hewa iliyobaki hutanuka kwenye joto na kufungua mshono. Ukimalizia kwa uma, bana bila kutoboa.

Ziweke kwenye friji dakika 20. Jibini baridi huchelewa kuyeyuka, na ganda hupata muda wa kukauka kwanza.

Mafuta yawe na kina cha sentimita 5, joto nyuzi 180. Kama huna kipimajoto, dondosha kipande cha unga: kinapaswa kupanda juu papo hapo kikitoa mapovu. Kaanga mbili au tatu kwa mara moja, dakika moja na nusu kila upande. Ukijaza karai, mafuta hupoa, unga huyanywa, na jibini huyeyuka kabla ganda halijakaza. Zichuje juu ya waya, zisilaliane, mvuke usizilegeze.

Za akiba zigandishe kabla ya kukaangwa, na uzikaange zikiwa bado barafu kwa nyuzi 170, dakika moja au mbili zaidi. Ukiziyeyusha kwanza, unga hulowa na mshono huachia.