Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa mwanangu abebe bastola?

SWALI

Ndugu Mhariri, sisi ni familia kutoka Kivu Kusini, na tuliishi kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka mingi kabla ya kuletwa Ohio, Marekani. Hivi karibuni binti yangu wa darasa la pili alirudi nyumbani akanieleza kwamba shuleni walifanya zoezi la kujificha mvamizi mwenye bunduki: walizima taa, wakajibanza kwenye kona isiyoonekana kutoka mlangoni, na mwalimu akawakataza hata kukohoa. Jioni hiyohiyo tulipata barua inayosema kuwa bodi ya shule itajadili kuwaruhusu walimu wabebe bastola. Mume wangu anaunga mkono. Mimi nilizikimbia bunduki, na sasa naambiwa zimfuate mtoto darasani. Je, sheria inaruhusu? Na jambo hili litawalinda watoto kweli?

Mama wa Watatu, Ohio

JIBU

Mama, nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi. Inaruhusu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba mfanyakazi wa shule hawezi kubeba silaha kazini mpaka awe amehitimu mafunzo ya polisi, ambayo yanazidi saa 700, au awe na miaka 20 ya kazi ya upolisi. Uamuzi huo haukudumu, kwani Juni 2022 Gavana Mike DeWine alitia saini sheria iliyoyashusha mafunzo hayo hadi saa 24, pamoja na saa 8 za marudio kila mwaka. Hakuna shule inayolazimishwa. Kila bodi huamua yenyewe, inaweza kudai mafunzo marefu zaidi, na ikikubali sharti iwatangazie wazazi, ingawa majina ya wenye bastola hayatajwi. Mna nafuu kuliko wenzenu wa Tennessee, ambako sheria ya mwaka 2024 inaifanya hata habari hiyo kuwa siri.

Hoja ya mumeo si ya kubezwa. Muuaji anayevamia shule hufanya maafa kwa dakika chache, na kwa shule za vijijini gari la polisi linaweza kuwa mbali. Lakini hoja hiyo inamtegemea mwenye silaha athubutu, kisha alenge sawasawa katika chumba kilichojaa watoto wanaokimbia huku na huku. Parkland, Florida, Februari 2018, askari wa shule mwenye bastola yake alibaki nje ya jengo ambamo watu 17 waliuawa. Uvalde, Texas, Mei 2022, walifika askari 376, na bado zilipita dakika 77 kabla ya mshambuliaji kuingiliwa na kuuawa. Watoto 19 na walimu 2 walipoteza maisha. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo, si mwalimu wa hesabu aliyesomea bastola kwa saa 24.

Tena, siku ya shambulio huenda isifike kamwe katika shule yenu, ila bastola itakuwamo kila siku ya masomo. Nilifundisha kwa miaka kumi na mmoja, na ufunguo wa kabati la vitabu niliupoteza mara mbili; mara ya pili uliokotwa na mtoto wa darasa la tatu, akautia uzi na kuuvaa shingoni hadi jioni. Machi 2018, katika shule moja ya Seaside, California, mwalimu ambaye pia alikuwa polisi wa akiba alifyatua risasi darini kwa bahati mbaya, katikati ya somo la usalama wa silaha, na vipande vilivyoanguka vikamjeruhi mwanafunzi.

Ningekuomba uende kwenye kikao hicho na swali ambalo barua ya bodi haikuligusa: bunduki za wavamizi hutoka wapi? Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, ilitoa mwaka 2019 uchunguzi wa mashambulio 41 ya shuleni. Katika 25 ilitumika bunduki, na katika 19 kati ya hayo bunduki ilitoka nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu wa mshambuliaji. Oxford, Michigan, Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake 4 kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne tu kabla. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa, kila mmoja kifungo cha kati ya miaka 10 na 15, na mwaka huohuo Michigan ikaanza kuwalazimisha wenye silaha kuzifungia penye watoto.

Ohio haina sheria ya namna hiyo. Haina pia ile ambayo Florida iliipitisha mara baada ya Parkland, inayomwezesha hakimu kuamuru silaha za mtu aliyeonyesha dalili za hatari zichukuliwe kwa muda. Florida hiyohiyo, ni kweli, iliruhusu wafanyakazi wa shule kubeba silaha, lakini baada ya saa 144 za mafunzo, mara sita ya zile za Ohio, na iliongeza umri wa kununua bunduki hadi miaka 21. Kwenu imechukuliwa hatua iliyo rahisi, zile ngumu zikaachwa.

Kikaoni uliza kama bastola itakaa mwilini mwa mwalimu au kwenye kasha lenye kufuli, na nani atalikagua. Kama Kiingereza chako bado ni kizito, iandikie shule mapema uombe mkalimani wa Kiswahili. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kukupatia bila malipo. Na binti yako akialikwa kucheza kwa rafiki yake, muulize mama mwenzako kama nyumbani kwao kuna bunduki na kama imefungiwa. Mara ya kwanza swali hilo hukwama kooni, lakini wapo Wamarekani wanaoulizana hivyo bila kuoneana haya, kama wanavyoulizana iwapo mtoto anadhurika na karanga.